Kibarua Siku ya Malipo, Mfanyakazi Siku ya Hasara

Wasee, mkiona lori la duka limesimama nje ya ploti kule Pipeline, msimwangalie dereva peke yake. Nyuma kuna kijana amekumbatia friji. Mwaka jana huyo alikuwa mimi.

Nilifanya kazi ya tanboi wiki saba kuanzia Novemba, duka moja kubwa la viti na vifaa vya umeme. Mia saba kwa siku, jioni inaingia kwa M-Pesa, asubuhi saa kumi na mbili uko getini kuona kama utachukuliwa tena. Watu hudhani tanboi hubeba tu. Kumbe ndiye hupanga mzigo: wa kushushwa mwisho unaingia kwanza, friji husimama wima, TV hailazwi. Ndiye humwongoza dereva akirudi nyuma kwa kichochoro. Halafu kuna ngazi. Ploti nyingi hazina lifti, na zile kona za ngazi, wacha tu.

Wiki ya sita mvua ilinyesha. Ghorofa ya nne nikateleza, friji ikagonga ukuta ikabonyea ubavuni, mimi nikaumia goti. Mwenye friji alisema, "Pole mwanangu, keti kwanza." Ofisini waliuliza friji italipwa na nani. Wakaanza kunikata mia tatu kila siku.

Hapo ndipo mimi nakataa. Nikiuliza siku mbili za kuuguza goti, naambiwa mimi ni kibarua wa siku. Friji ikibonyea, ghafla nimekuwa mfanyakazi mwenye deni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, si wa siku tena, ahesabiwe wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 19 nacho kinaruhusu mtu akatwe kwa hasara aliyoleta kwa makusudi. Ngazi iliyolowa ni makusudi ya nani?

Najua mtasema Desemba ni msimu, duka haliwezi kuajiri kila mtu. Sawa. Si muandike mkataba wa wiki nane, uishe tuagane?

Siku ya mwisho dereva wetu, mzee aliyekaa pale miaka, aliniambia, "Kijana, usifute hizo meseji za M-Pesa."

Jana nilizihesabu. Ziko 41, kuanzia zile za mia saba mpaka zile za mia nne.