Ufunguo wa Netiwaki Ukae kwa Nani?

Ndugu wafanya kazi,

Siku hizi katika ofisi nyingi, stesheni nyingi na karakana nyingi kuna mashauri ya kumpa kontrakta kazi yote ya netiwaki na waifai. Wakubwa wanasema kazi hii ni ya wataalamu, basi wapewe wataalamu, nasi tushughulike na treni. Hata wenzetu wengine wasema, "Hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta, sisi yatuhusu nini?" Nataka kuwajibu wote pamoja, maana jambo hili latuhusu sana, tangu karani wa tikiti mpaka fundi wa signali.

Neno langu ni hili. Kontrakta na auze waya na vyombo, na aitwe akihitajiwa. Lakini ufunguo wa netiwaki, ramani yake, na ujuzi wake, vitu hivi vitatu visitoke mikononi mwa wafanya kazi wetu wenyewe.

Kwanza tukumbuke netiwaki ni kitu gani. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulivutwa kando yake, maana treni haziwezi kupishana salama katika njia moja ikiwa stesheni hazisemezani. Netiwaki ya leo ni mjukuu wa waya ule. Hupitisha tikiti, hesabu za mizigo, mishahara na habari za kazi. Mwezi wa Julai 2023, mitambo ya eCitizen iliposhambuliwa, ununuzi wa tikiti za treni ya Madaraka nao ulivurugika. Abiria siku kama ile hamtafuti mtu wa mitambo. Humwuliza karani aliyekaa dirishani, na maneno makali humwangukia yeye. Basi nani asema haituhusu?

Si haki kuyadharau maneno ya wakubwa. Ni kweli ya kwamba vyombo hivi huchakaa upesi, na kila mara hutaka kutiwa programu mpya ili wezi wasiingie. Ni kweli fundi mmoja hawezi kukesha usiku kucha siku saba kwa juma, na ofisi ndogo haina fedha za kuajiri mafundi watatu wa zamu. Kontrakta ana watu wengi na vyombo vya akiba, na akihudumia ofisi ishirini huuona ugonjwa kwa mwingine kabla haujafika kwako. Mtu wa chama asiyekubali mambo haya atachekwa siku ya kukaa mezani.

Lakini kununua ni jambo moja, na kukabidhi nyumba ni jambo jingine. Intaneti twainunua nje, wala hapana ubaya. Nyaya zilizotandazwa chini ya bahari mpaka Mombasa mwaka 2009 hazikuwekwa na stesheni masta. Ni kama maji: bomba kubwa la barabarani ni la kampuni, lakini mfereji wa jikoni kwako hungoji mtu wa mji mwingine aje kukufungulia.

Tazameni yaliyotokea Uingereza. Tarehe 25 Septemba 2024, abiria waliofungua waifai katika stesheni 19 zinazosimamiwa na Network Rail, kama Euston ya London, Manchester Piccadilly na Glasgow Central, walikuta maneno ya chuki juu ya Waislamu na habari za mashambulio ya kigaidi. Waifai ikazimwa. Network Rail ikasema waifai ile huendeshwa na kampuni nyingine, Telent. Telent ikasema ukurasa wa kuingilia ni kazi ya kampuni ya tatu, Global Reach, na ya kwamba mageuzi yale yalifanywa kwa akaunti halali ya msimamizi. Polisi wa reli wakamkamata mtu mmoja, naye alikuwa mfanya kazi wa kampuni hiyo ya tatu. Habari za abiria hazikuibwa, na hilo ni la kushukuru. Lakini hesabuni wenyewe: mwenye stesheni ni mmoja, mwenye mkataba ni wa pili, mwenye ufunguo ni wa tatu. Na aibu yote iliandikwa magazetini kwa jina la stesheni.

Mtu atasema hata mfanya kazi wetu aweza kufanya ubaya. Kweli, aweza. Lakini huyo twamjua, foromani wake yupo, na mlango waweza kufungwa saa ile ile bila kupigia simu kampuni mbili.

Reli ya Uingereza ilikuwa imekwisha kulipa karo ya somo hili zamani, tena kwa damu. Baada ya reli yao kugawanywa, matengenezo ya njia walipewa makontrakta. Tarehe 17 Oktoba 2000 reli ilivunjika karibu na Hatfield chini ya treni iliyokuwa katika mwendo mkali, na watu 4 wakafa. Nyufa katika reli ile zilijulikana mapema. Lakini aliyezijua, aliyepaswa kutoa amri na aliyepaswa kubadilisha reli hawakuwa watu wa nyumba moja. Mwaka 2005 mahakama iliitoza faini kampuni ya matengenezo, na Network Rail nayo ikatozwa. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 2003, Network Rail ilikuwa imekata shauri kuwarudisha wafanya kazi wote wa matengenezo chini yake yenyewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye reli asiyetengeneza reli yake hajui nyufa zake, na mwenye netiwaki asiyeigusa netiwaki yake hajui matundu yake.

Nasi hapa nyumbani tuna somo letu. Mwezi wa Novemba 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwanzo kampuni ya Afrika Kusini ndiyo iliyoshika usukani, baadaye ikaja kampuni ya Misri. Upande wa Kenya mkataba ulivunjwa mwaka 2017, hata nusu ya miaka yake haujafika. Mtu unayetia naye sahihi leo huenda siye atakayekuwa na ufunguo wako kesho. Na siku kazi inaporudi, ni nani ataipokea ikiwa mafundi wamekwisha kutawanyika? Vyombo hurudishwa kwa barua na muhuri, lakini ujuzi haurudi hivyo.

Tena asiseme mtu ya kwamba watu wetu hawawezi. Chuo cha Reli cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya kufundisha watu wa reli kazi zao. Na mwaka 2021 Kenya Railways ilianza kuchukua kazi ya tikiti na kazi nyingine za SGR kutoka kwa Afristar, kampuni iliyoziendesha tangu 2017. Treni hazikusimama kwa sababu hiyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuona, mahali ambapo jina lake naliacha, kabati la netiwaki lililofungwa kwa kufuli ya kontrakta. Swichi ilikufa Jumamosi asubuhi. Fundi wetu aliijua kasoro kwa kuzitazama taa tu kupitia kioo cha mlango, na swichi ya akiba ilikuwa stoo. Ikabidi kungoja mwenye ufunguo mpaka Jumatatu, makarani wakiandika kwa mkono na abiria wakiwatukana. Fedha za kontrakta zililipwa mwisho wa mwezi kama kawaida, maana mkataba haukusema lolote juu ya siku za mapumziko.

Basi mashauri yatakapoletwa, chama kisiende mezani na neno moja tu la "hatutaki". Kiende na masharti haya:

Kwanza, maneno ya siri yote makuu yawe kwa mfanya kazi wetu na kwa mkubwa wake, na nakala ikae katika sefu ndani ya bahasha iliyofungwa kwa muhuri. Kontrakta apewe ruhusa ya kuingia, nayo iweze kuondolewa siku yo yote.

Pili, ramani ya netiwaki, yaani kila waya, kila swichi na kila kituo cha waifai, iandikwe na kuwekwa kwetu, na itengenezwe upya kila kitu kinapobadilishwa.

Tatu, kila kontrakta anapofanya kazi, awepo mtu wetu karibu naye akijifunza, na jambo hili liandikwe katika mkataba, wala lisiwe la hisani.

Nne, kontrakta asimpe mwingine kazi yetu bila idhini, na saa za kutengeneza zitajwe, pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka mkataba wa maandishi na ye yote anayepewa kushughulikia habari za watu, wala mwenye habari hizo hawezi kunawa mikono.

Tano, asifukuzwe mtu kwa mlango wa nyuma. Fungu la 40 la Sheria ya Ajira ya 2007 lasema kazi ikipunguzwa, chama na afisa wa kazi wapewe taarifa ya mwezi mmoja, na anayeondoka alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Na vijana wa kontrakta wanaofanya kazi pamoja nasi, tusiwachukie. Hao nao ni wafanya kazi, wengi kwa mishahara midogo, na mahali pao ni chamani.

Masharti haya si ya kumzuia mwajiri asiendelee. Yatamfaa yeye mwenyewe siku kontrakta atakapopandisha bei, maana asiye na ufunguo hana nguvu ya kubishana.

Kwa hiyo nawaomba ninyi nyote, kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mtu aulize mahali pake pa kazi: neno la siri la netiwaki hii lina nani? Mkijibiwa kwa jina la mwenzenu, vema. Mkijibiwa kwa jina la kampuni, au pasipatikane mtu wa kujibu, leteni jambo hilo mkutanoni, nasi tutajua pa kuanzia.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa reli