Mfuko wa sokoni ulipigwa marufuku, kiriba cha shambani je?

Agosti 2018 Burundi ilitoa agizo la kupiga marufuku mifuko ya plastiki, wafanyabiashara wakapewa miezi 18 kumaliza akiba zao. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008 na Kenya 2017. Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Ilikuwa hatua nzuri. Hata hivyo, mjadala uliishia sokoni wala haukupanda hadi shambani.

Huko kwenye milima ya Buraza, mkoani Gitega, na hata Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, plastiki ni sehemu ya kilimo. Mche wa kahawa au wa msitu hukuzwa ndani ya kiriba. Mbolea huja katika mfuko uliofumwa kwa nyuzi za plastiki. Kuna vidumu, maturubai ya kuanikia maharage na chupa za viuatilifu.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Upo mfuko wa tabaka tatu wa kuhifadhia nafaka, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Tabaka mbili za ndani huzuia hewa, wadudu wanaobungua maharage wakakosa pumzi na kufa bila dawa yoyote. Familia yenye mfuko huo hailazimiki kuuza mavuno yote wakati bei iko chini kwa kuhofia wadudu. Mwambie mama wa familia hiyo kuwa plastiki ni adui, atakucheka.

Tatizo huanza kazi inapokwisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2021 kuwa kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za plastiki kwa mwaka. Sehemu kubwa huchomwa, huzikwa au huachwa shambani. Kiriba kisipovuliwa wakati wa kupanda, mizizi hujisokota ndani yake na mti hudumaa. Kikivuliwa na kutupwa, jua hukikatakata vipande vidogo na mvua huviteremsha bondeni. Maji mengi ya Gitega huingia mto Ruvyironza, kisha Ruvubu unaopita Muyinga, hadi Kagera na Ziwa Victoria. Kwa hiyo taka za mlima mmoja si za mlima huo peke yake.

Kwa maoni yetu, marufuku nyingine haitasaidia. Ingemnyang'anya mkulima kinga yake na kumwachia hasara. Kinachokosekana ni njia ya kurudisha. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2000 inayomtaka mkulima arudishe makopo ya viuatilifu, na kiwanda kigharimie uteketezaji au urejelezaji wake.

Burundi haihitaji kuanza na mitambo mikubwa. Mbolea ya ruzuku hufikishwa vijijini kwa utaratibu unaojulikana, na gari linaloipeleka halina sababu ya kurudi tupu. Mkulima akipunguziwa bei kidogo kwa kila mfuko anaorudisha, ataurudisha. Viriba vikusanywe kitaluni, siku ileile ya kupanda. Chupa za viuatilifu zishughulikiwe kwa tahadhari zaidi: zisuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha zitobolewe zisije zikatekewa maji ya kunywa.