Mzee Aachwe Asimame

Katika makao ya wazee, uzuri wa huduma hupimwa mara nyingi kwa utulivu: wazee wameoga, wamekula, wameketi barazani, na hakuna aliyeanguka. Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kina kasoro kubwa.

Msuli usiotumika hunyauka, na kwa mzee hunyauka upesi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wazee 12 wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu: kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Itakuwaje basi kwa yule akalishwaye kitini mwaka mzima?

Wako wasemao kuwa uzee hauna dawa. Lakini mwaka 1990, huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwafunza wakazi 10 dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za wale 9 waliomaliza mafunzo zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Kizuizi, basi, si umri peke yake. Sakafu yenye utelezi, kiti kisicho na mikono, maumivu ya viungo yasiyotibiwa: hivyo fundi na mganga waweza kuviondoa. Kigumu zaidi ni kile kilichovaa vazi la heshima. Kwetu, mzee akiinuka kutafuta maji, kijana humwahi: "Kaa, mzee wangu, nitakuletea." Ni adabu njema, wala siibezi. Lakini katika makao adabu hiyo huungana na uchache wa wahudumu na hofu ya lawama. Kumvika mzee shati ni kazi ya dakika mbili. Kumngoja ajivike mwenyewe huenda ikawa kumi, na wenzake wanasubiri. Akianguka, mhudumu huulizwa. Akidhoofika kwa kuketi, haulizwi mtu. Naye mzee, kwa kuogopa kuanguka, hukubali kuketi. Miguu huzidi kulegea, na hatari ya kuanguka ikaongezeka.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasiyumbe, siku 3 au zaidi kwa wiki. Mashine si lazima. Mwenye maradhi ya moyo apimwe kwanza. Wengine waanze kwa kuinuka kitini mara kadhaa, mhudumu akiwa kando. Na daftari la makao, ambamo huandikwa nani ameanguka, liandikwe pia nani leo amesimama kwa miguu yake, na mara ngapi.