Kichanga Naye Ana Ukoo

Mwezi huu tuguse jambo ambalo wapenzi wengi hulikwepa: mtoto aliyefariki akiwa bado mdogo.

Tuseme mwenzi wako ana asili ya Scotland. Mnachimba historia ya familia yake, mnakuta mtoto wa kiume aliyezaliwa 1862 akafa 1864. Wengi hapo humruka. Hakuoa, hakuzaa, atatuambia nini? Kumbe mengi!

Sensa kule ilifanyika kila baada ya miaka 10, hivyo ya 1861 haimjui, na ya 1871 imemkosa. Ila Scotland ilianza kusajili rasmi vizazi, ndoa na vifo Januari 1, 1855, na vyeti vyao si mchezo. Cheti cha kifo kina jina la baba, la mama, na ukoo wa mama kabla hajaolewa. Cheti cha kuzaliwa, kuanzia 1861, kinataja hata tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Kama walioana 1855 au baadaye, cheti cha ndoa kinawapa babu na bibi wa pande zote mbili. Kama ni kabla ya hapo, rudini kwenye vitabu vya parokia. Vyote vinapatikana kwenye tovuti ya serikali yao, ScotlandsPeople.

Jina nalo ni ramani. Wengi walimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mtoto akifa, mara nyingi mdogo wake alipewa jina lile lile. Mkiona majina mawili yanayofanana, msidhani karani alikosea. Ni watoto wawili.

Halafu tazameni sahihi ya aliyetoa taarifa ya kifo. Mara nyingi ni baba. Asiyejua kuandika aliweka alama ya X. Ukiiona hiyo X, weka ukoo pembeni kidogo. Huyo ni mwanaume aliyefiwa, akaenda kwa msajili ili mwanawe aandikwe.

Na nyie mliopoteza mtoto, mkanyamaziana kwa kuogopa kutoneshana kidonda, andikeni jina lake. Wadogo zake wakiuliza, waambieni alikuwepo. Kumtaja hakuvunji nyumba. Kinachovunja ni kila mmoja kulia peke yake.

Tukutane mwezi ujao!