Tusihesabu paneli tu, tuulize kama umeme utashika



Mradi wa umeme wa jua ukifika kwetu, maswali yanayotoka kwenye mkutano ni mawili: ni kilowati ngapi, na kilowati-saa moja itauzwa bei gani? Ni maswali mazuri. Lakini kuna swali la tatu tunaloacha kila mara, na ndilo linalokula pesa yetu. Siku laini itapata fujo, nguzo imeanguka ao radi imepiga, huo mtambo na batri zake vitabaki vimeshika, ao vitakimbia?

Katika nchi zenye laini kubwa, swali hilo liko na jibu lililoandikwa. Mwenye mtambo wa jua, wa upepo ao wa batri hawezi kufungwa kwenye laini mpaka aonyeshe kwamba mtambo wake unashika kipimo: volti zisipande wala kushuka kupita kiasi, hezi zibaki karibu na 50 (kwetu na Uganda ni 50), na fujo ndogo isiuzime. Mimi nasema hata sisi wa Butembo na Beni, pamoja na udogo wa mitambo yetu, tudai jibu hilo likiwa limeandikwa na kutiwa sahihi.

Watu wengine wananiambia hayo ni mambo ya Wazungu. Ndugu, tuangalie tuko wapi. Butembo iliishi miaka mingi bila laini ya SNEL. Mji ulijengwa na wafanyabiashara, kila mmoja na jenereta yake nyuma ya duka. Leo hali imebadilika. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa maji ulianza kazi 2013. Beni ilipata mtambo wa jua wa sosiete ya Nuru mwaka 2017, kilowati 55, wa kwanza wa namna hiyo katika Kongo yetu. Upande wa Lubero kuna Luviro, megawati 14.6 za maji. Kwa hiyo hatuko tena katika wakati wa kushukuru tu kwamba taa imewaka. Tumeanza kufunga mashine kwenye huo umeme, na mashine haisamehe kama taa.

Mwenye kahawa anaelewa haraka. Matunda mekundu yanavunwa asubuhi, yanafika kwenye kituo mchana, na yanapaswa kumenywa siku ileile. Umeme ukikatika saa kumi ya jioni na ukirudi kesho yake, yale matunda yamekwisha kuchacha ndani ya mifuko. Mnunuzi atasikia hiyo ladha kwenye kikombe, hata kama sisi hatuisikii, na bei itashuka kwa loti nzima, pamoja na kahawa ya yule mama aliyechagua matunda yake moja kwa moja. Na anayekatwa bei ni mkulima. Mwenye mtambo hakatwi kitu.

Halafu kuna volti. Mahali pengi kipimo kinachokubaliwa ni asilimia 10 juu ao chini. Kwa umeme wetu wa volti 220, maana yake ni kati ya 198 na 242. Volti zikishuka mpaka 170, taa inapunguza mwanga na hakuna anayelalamika, lakini mota ya mashine ya kusaga inavuta umeme mwingi zaidi ili ifanye kazi ileile, inapata joto, na waya za ndani zinaungua polepole. Siku itakapokufa, fundi atasema mota ilikuwa ya Wachina. Pengine mota ilikuwa nzuri.

Nataka tufanye hesabu moja hapa, juu nimeona miradi mingi inapita bila mtu kuifanya. Mota ya kusaga ya kilowati 15, ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache inavuta karibu mara 6 ya kawaida yake: ni kama kilowati 90. Tuifunge sasa kwenye mtambo wa kilowati 55. Onduleri (Wauganda wanaiita inveta), yaani ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na batri kuwa umeme wa nyumbani, itaona mzigo usiowezekana na itajizima. Kijiji chote giza, pamoja na sentre ya afya. Lakini mota ileile ikiwekewa kianzisho cha nyota na pembetatu, kile mafundi wetu wanaita etwali-triyangli, inavuta theluthi moja tu wakati wa kuanza, karibu 30, na hakuna anayejua kama umeiwasha. Kwa hiyo kanuni inatufunga na sisi pia. Koperative inayotaka umeme usiokatika haiwezi kufunga mota yoyote namna yoyote inayotaka.

Turudi kwenye mtambo. Wakenya walipata somo kubwa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne ya usiku. Karibu nchi nzima ilizimika, na sehemu zingine zilingoja mpaka kesho yake. Kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, jenereta moja ya akiba haikuwaka, na mkubwa wa viwanja vya ndege akapoteza kazi. Kidole kilielekezwa kwenye mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310, ambao saa ile ulikuwa unaleta karibu asilimia 15 ya umeme wote wa nchi na ghafla ukatoka. Wenye mtambo wakajibu kwamba volti za laini ya taifa zilipanda kupita kiasi, na mashine zao zikajizima ili zisiharibike.

Sitaki kuamua kesi ya Wakenya. Ninachoona ni hiki: mtambo ulifanya kile ulichofundishwa, kujiokoa. Lakini kama watu wote wanakutegemea na wewe unajiokoa peke yako, mzigo wako unaangukia wale waliobaki, nao wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana kanuni nzuri haisemi tu "mtambo usiharibike". Inasema volti zikiyumba kiasi fulani, kwa sekunde fulani, ni lazima ubaki. Zikipita hapo unaruhusiwa kutoka. Na ukitoka, unarudi baada ya muda gani. Namba zote zinaandikwa kabla ya fujo kutokea. Baada ya fujo kila mtu ako na hadithi yake.

Hata Marekani walichelewa. Tarehe 16 Agosti 2016 moto wa msituni huko Kalifornia uligusa laini kubwa, na kwa muda mfupi sana karibu megawati 1,200 za umeme wa jua zilipotea. Jua lilikuwa linawaka, paneli zilikuwa nzima. Onduleri nyingi zilisoma hezi vibaya, zikafikiri zimeshuka, zikatoka, kumbe hazikuwa zimeshuka hivyo. Ni maandishi ndani ya mashine, yale mafundi wanaita reglaji, ndiyo yalikosa. Mwezi wa Oktoba 2023 serikali yao ikaagiza ziandikwe kanuni za lazima kwa mitambo ya jua, upepo na batri. Sasa kama wao, na mainjinia wote walionao, waliona sosiete haitajirekebisha bila kulazimishwa, sisi tunangoja nini?

Juu ya batri, naomba tusidanganyike. Wauzaji wanazitaja kama dawa ya kila kitu. Ni kweli batri inajibu haraka kuliko mashine yoyote, haraka kuliko kupepesa jicho, na ikifungwa vizuri inatuliza laini. Lakini kuna onduleri za namna mbili. Fikiria kwaya ya kanisa. Kuna anayeanzisha wimbo na kushika sauti, na kuna wanaofuata. Onduleri ya kufuata inasikiliza laini na kuimba pamoja nayo. Laini ikinyamaza, nayo inanyamaza, hata kama batri zake zimejaa. Onduleri ya kuongoza inaweza kuanzisha wimbo peke yake, bila kungoja mtu. Laini ya kijiji isiyounganishwa na kitu kingine inahitaji angalau kiongozi mmoja, na ni vizuri zaidi wakiwa wawili, juu kiongozi naye anaugua. Tuwaulize: ya kwenu ni ya namna gani? Kama muuzaji anageuza maneno, mumekwisha kupata jibu.

Tena batri inazeeka. Ile inayobeba kituo chenu saa 5 leo, miaka kadhaa mbele inaweza kubeba saa 3. Ahadi ya mwaka wa kwanza haina uzito sana. Ile inayotufaa ni ya mwaka wa nane.

Najua kinachosemwa upande mwingine, na si upumbavu. Wa kwanza anasema: kanuni nyingi zitapandisha bei, na sosiete ndogo itatukimbia. Bei itapanda kidogo, ni kweli. Lakini umeme wa bei rahisi usiosimama hatuulipi mara moja. Tunalipa stabilizateri, tunalipa kukaza mota upya, na bado tunanunua mazuti ya jenereta ya zamani ambayo hatukuthubutu kuiuza. Jumlisha yote hayo, halafu uniambie kama ile bei ilikuwa rahisi.

Wa pili anasema: tuko katika vita. Tangu Mei 2021 tunaishi chini ya hali ya kuzingirwa, watu wanauawa mashambani kwao katika teritware ya Beni, na wewe unazungumza habari ya hezi? Huyu ninamuheshimu. Lakini vita ndiyo sababu yangu kubwa. Nguzo zitaangushwa, fundi hataruhusiwa kupita barabarani siku tatu. Laini iliyopangwa vizuri inakata tawi lililoumia na kuwaacha wengine na umeme. Ile iliyopangwa ovyo inaanguka yote, na watoto wanazaliwa kwa mwanga wa simu.

Kuhusu serikali, sheria iko. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia sosiete za watu binafsi kazi ya umeme, na ikaleta ARE ya kusimamia sekta na ANSER ya kupeleka umeme mashambani. Lakini kutoka Kinshasa mpaka Kyondo ni mbali, na sitangoja mkaguzi ashuke kutoka kwenye ndege. Kontra ya koperative ni karatasi iliyo mikononi mwetu leo. Ndani yake tunaweza kuandika volti za chini na za juu, masaa ya kukatika yanayoruhusiwa kwa mwezi, fundi anafika baada ya masaa mangapi, na tunapunguziwa nini kwenye bei kama haya hayakufuatwa. Tunaweza pia kudai konteri inayoandika volti yenyewe, ili tusibishane.

Kitu kimoja nasisitiza kuliko vyote: malipo ya mwisho yasitoke kabla ya jaribio. Washeni mota zote kwa pamoja, saa moja ya usiku, wakati nyumba zote zimewasha taa. Zimeni paneli, muangalie batri inafanya nini. Zimeni tawi moja la laini ghafla. Fanyeni hivyo mbele ya kamati na fundi wenu, si mbele ya wageni waliokuja kukata utepe. (Na hapa niseme na mashirika ya misaada, hata hili linalotoa jarida letu: tunaona paneli zinahesabiwa kwenye ripoti, hatuoni masaa ya kukatika yakihesabiwa.)

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Laini kubwa ya volti 220,000 kutoka Nkenda, Uganda, ipitie Mpondwe ije Beni, Butembo na Bunia, imekuwa kwenye mipango ya nchi zetu tangu zamani. Siku itakapofika, mtambo mdogo unaoshika kipimo unaweza kufungwa kwenye laini na kuuza umeme, kama Mwenga kule Mufindi, Tanzania, mtambo wa maji wa megawati 4 unaohudumia vijiji na kiwanda cha chai huku ukiuzia TANESCO. Usioshika kipimo utakuwa vyuma vya kuuza kwa kilo.

Kwa hiyo, kabla ya mavuno yanayokuja, naomba kila koperative iliyo na umeme inunue daftari moja na kulipatia mtu mmoja, afadhali yule mama anayepokea kahawa ao kakao kila siku, juu yeye haondoki. Aandike tarehe, saa umeme ulipoondoka, saa uliporudi, na volti asubuhi na jioni. Kipima volti cha sokoni kinatosha. Baada ya miezi mitatu, tukutane wa Butembo na wa Beni, tuweke madaftari hayo mezani, na tuwaite wenye mitambo waje wasome pamoja nasi.