Bei ya kikapu ianze na siku za msukaji

MIZANI YA WIKI
Na Edina Ngimbudzi

Mtanzania anayetembelea Addis Ababa hakosi kuelekezwa Shiro Meda, soko la nguo za asili lililo njia ya kupanda Entoto. Nguo nyeupe za pamba zenye pindo za rangi zinazouzwa pale zimewapa sifa kubwa Wadorze na jamaa zao wa nyanda za juu za Gamo, ambako kwa desturi wanawake husokota uzi na wanaume hufuma. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini kuna upande ambao mgeni haonyeshwi. Watoto wa Gamo wamekuwa wakichukuliwa vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, kisha wakaishia kwenye vitanda vya mfumi, wakifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku. Wizara ya Kazi ya Marekani imeziweka nguo za Ethiopia zilizofumwa kwa mkono katika orodha yake ya bidhaa zinazohusishwa na ajira ya watoto na kazi ya kulazimishwa.

Tumezoea kudhani kwamba unyonyaji uko viwandani na utu uko kwenye kazi za mikono. Ni kweli viwandani uko: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliripoti kuwa mshahara wa kuanzia katika viwanda vya nguo vya Hawassa, Ethiopia, ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi. Lakini Shiro Meda inatufundisha kwamba uzuri wa kazi na ukongwe wake si ushahidi kuwa aliyeifanya ametendewa haki. Nasema tulipokee funzo hilo nyumbani, kwa sababu sisi nasi tuna ufundi tunaousifu bila kuuliza aliyeufanya amelipwa nini.

Akina mama wa Iringa na Njombe husuka vikapu vya milulu ambavyo leo vinapamba nyumba za Ulaya na Marekani. Milulu haiuzwi dukani, inaota mabondeni, na ndiyo maana mnunuzi hushawishika kuona kuwa kikapu hakina gharama. Anasahau kwamba kuna mtu aliyeshuka bondeni kukata, akabeba, akaanika, akachemsha nyingine kwenye rangi, ndipo akaanza kusuka. Tuchukulie kikapu kimechukua siku 4 na kikauzwa shilingi 12,000. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa siku, kabla ya kutoa rangi na nauli ya kutoka kijijini, tuseme Kidugala, hadi Makambako. Ni mkulima gani wa viazi angepata kibarua kwa ujira huo?

Wapo watakaosema kusuka ni kazi ya jioni, mama akishatoka shambani, kwa hiyo muda huo haudai malipo. Hoja hii inageuza uchovu wa mwanamke kuwa mali ya bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Mama anayesuka nyumbani hana anayemhesabia saa. Shirika la Kazi Duniani liliutambua udhaifu huu mwaka 1996, lilipopitisha Mkataba namba 177 unaotaka wanaofanyia kazi nyumbani kwa ajili ya waajiri watendewe sawa na wafanyakazi wengine.

Wengine watahofu kwamba kuwataja watoto ni kuua urithi, maana binti hujifunza kwa mama yake. Kujifunza hakuna ubaya. Mtoto anayesuka mistari michache baada ya shule anarithi ufundi. Anayekoseshwa shule ili oda ikamilike ananyang'anywa utoto wake, na sheria ile ile ya ajira inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14.

Pingamizi zito kuliko yote ni la soko: bei ikipanda, mnunuzi atahamia kwenye plastiki. Historia inajibu. Wafipa na Wanyamwezi walifuma vitambaa vyao vya pamba, na merikani na vitambaa vingine vya viwandani vikawasukuma kando. Mkono hauwezi kuishinda mashine kwa urahisi wa bei. Ukijaribu, msukaji atapunja muda, ubora utashuka, na binti yake ataukimbia ufundi huo. Kikapu cha milulu kitadumu kwa ubora na kwa jina la waliokisuka.

Kwa hiyo vikundi vya wasukaji viandike siku za kazi ya kila kikapu na kuweka bei ya chini ambayo mwanakikundi hashuki. Halmashauri, zikiwemo Wanging'ombe na Makambako, zitumie fungu la asilimia 4 la mikopo ya wanawake kuwapa mtaji wa kusubiri mnunuzi mzuri, wasiuze kwa shida ya ada au dawa. Nasi wanunuzi, tuwe Shiro Meda au stendi ya Makambako, tuulize kwanza kazi hii imechukua siku ngapi na nani kaifanya, ndipo tutaje bei. Asiyeweza kulipa siku za mwenzake anunue kikapu kidogo zaidi, asipunguze ujira wa aliyekisuka.