Asteroidi na Maporomoko: Morogoro Ianze na Hatari Ipi?

Hatari ya asteroidi kuigonga Dunia hupimwa kwa mambo mawili: uwezekano wa tukio na ukubwa wa madhara yake. Jiwe la mita 20 hivi hukadiriwa kuja mara moja katika miaka 50 hadi 100. La namna hiyo lilipasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha. Jiwe la mita 140, lenye uwezo wa kuteketeza mkoa, huja mara moja katika miaka 20,000 hivi.

Afrika Mashariki nayo imefikiwa. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10. Agosti 14, 1992, mawe yalinyesha Mbale, Uganda. Kipande kimoja kilipunguzwa kasi na majani ya mgomba, kikampiga mvulana bila kumjeruhi.

Mkoa wa Morogoro, wenye kilomita za mraba zipatazo 70,000, ni takriban sehemu moja kati ya 7,000 za uso wa Dunia. Kwa hesabu hiyo, jiwe la aina ya Chelyabinsk lingepasuka juu yake mara moja katika miaka laki kadhaa. Milima ya Uluguru, mkoani humo, haisubiri kiasi hicho. Februari 1970, mvua ya saa chache huko Mgeta ilizaa maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Fedha za kinga zianzie kwenye miteremko hiyo.

Hata hivyo, asteroidi haistahili kupuuzwa, kwa kuwa njia yake huweza kukokotolewa miaka mingi kabla. Februari 2025, uwezekano wa asteroidi 2024 YR4 kuigonga Dunia mwaka 2032 ulifika asilimia 3.1, na ukanda wa hatari ulipita Nigeria, Sudan na Ethiopia; vipimo vya baadaye viliuondoa. Njia hiyo pia huweza kubadilishwa: Septemba 26, 2022, chombo cha NASA kiliigonga asteroidi Dimorphos kwa makusudi na kufupisha kwa dakika 32 muda wake wa kuizunguka asteroidi kubwa zaidi.

Mawe madogo hayatoi nafasi hiyo. Lililoanguka Sudan mwaka 2008 liligunduliwa saa 20 hivi kabla. Hapo kinachookoa ni taarifa: huko Chelyabinsk, onyo la kukaa mbali na madirisha lingewaepusha wengi. Onyo kama hilo lingefika Mgeta kwa njia ileile ya tahadhari za mvua: Mamlaka ya Hali ya Hewa, kamati za maafa, redio na serikali za vijiji.

Kwa hiyo Tanzania haihitaji mradi wake wa kukinga asteroidi. Inahitaji kuimarisha njia hiyo na kuiunganisha na Mtandao wa Kimataifa wa Tahadhari ya Asteroidi. Fursa ya kuijaribu ipo: usiku wa kuamkia Aprili 14, 2029, asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka Duniani, bila hatari yoyote. Wananchi wakipata maelezo sahihi kabla ya uvumi, njia hiyo itakuwa imethibitika kufaa hata kwa masika.